Mchezo Uliobaki Dirishani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilikuwa na kazi tatu. Ya kwanza ilikuwa kutia samadi kavu kwenye jiko la chuma ili bibi akiamka akute chumba kina joto. Ya pili ilikuwa kuwapelekea kuku maji ya vuguvugu. Ya tatu ilikuwa kwenda dirishani kuhakikisha kwamba hakuna kipande kilichosogea.

Hiyo ya tatu sikutumwa na mtu. Kwenye kizingiti kipana cha dirisha letu kulikuwa na ubao wa sataranji, na juu yake vipande ishirini na viwili. Vilikuwa vimesimama palepale tangu asubuhi moja ya mwezi wa Machi, gari lilipopiga honi nje na baba akainuka, akaacha chai yake nusu kikombe na mchezo wetu nusu vilevile. Bibi alipofuta vumbi alizungusha kitambaa pembeni mwa ubao, akinung'unika kwamba dirisha limegeuka makumbusho.

Kijiji chetu kiko juu kidogo ya mji wa Martuni, mahali ambapo ukisimama mlangoni unaliona ziwa la Sevan lote. Viazi na kabichi zinatukubali, lakini kazi ya mshahara ni haba. Kwa hiyo wanaume huondoka theluji inapoanza kuyeyuka, wakaenda Urusi kujenga maghorofa, na hurudi theluji mpya inapoanguka. Watoto wa kwetu huwajua baba zao kwa majira. Mimi baba yangu, Gurgen, nilimjua kwa baridi.

Na wakati wa baridi, tulicheza. Kwetu sataranji si mchezo wa kupotezea muda. Ni somo la shule kuanzia darasa la pili, lina daftari lake na kazi ya nyumbani, na mtoto asiyejua farasi anavyoruka huonewa huruma kama asiyejua kufunga kamba za viatu. Lakini mimi nilijifunza kwa baba. Alinifundisha ufunguzi wa Kiitalia: askari wa mfalme hatua mbili, farasi nje, kisha tembo nje kwa mshazari, amkodolee macho mfalme wa mwenzako. Alinifundisha ulinzi wa Kisisilia na ulinzi wa Kifaransa, na namna ya kuitoa mashua pembeni ili iwe na njia ndefu iliyonyooka. Nilipofika miaka kumi na miwili nilizijua hatua kumi za mwanzo za kila mchezo kama jina langu.

Jambo moja tu hakunifundisha. Vipande vilipopungua, wakabaki wafalme na askari wawili watatu, baba alininyooshea mkono. "Sare, Zaru. Chai inapoa." Nami nilimpa mkono, tukanywa chai.

Asubuhi ile ya Machi, mkoba ukiwa begani, alinibusu utosini. "Mwisho wa mchezo nitakufundisha mwenyewe nikirudi," alisema. "Usivisogeze."

Sikuvisogeza. Nilimkumbuka baba sana. Nilikumbuka harufu ya koti lake, namna alivyopiga mluzi akifikiria hatua, hata namna alivyotafuna kwa kelele, jambo ambalo mama alikuwa akimgombeza. Wengine wanasema mtoto huzoea. Mimi sikuzoea.

Septemba shule ilipofunguliwa, Mwalimu Siranush, aliyetufundisha sataranji, alianzisha kipindi cha Jumamosi kwa sisi wanne tuliochaguliwa kuiwakilisha shule. Tulikuwa tucheze na shule ya jirani mwezi wa Novemba, na washindi waende Gavar kwenye mashindano ya mkoa. Mwalimu alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinitazama juu ya miwani hiyo.

"Zaruhi, mwanzo unaujua kuliko mimi. Sasa tuanze mwisho. Jumamosi saa tatu."

"Mwisho nafundishwa na baba, mwalimu," nilisema. "Kwa simu. Kila Jumapili."

Ulikuwa uongo mtupu. Jumapili baba alipopiga, mtandao ulikatika kila mara, na yaliyosikika yalikuwa mafupi: umekula, bibi anakohoa bado, kabichi zimetoka. Kisha aliuliza, "Na sataranji?" nami nilijibu, "Nawafunga wote, baba." Huo nao ulikuwa uongo. Ndani ya kijiji chetu nilikuwa maarufu kwa kuanza vizuri na kumaliza vibaya.

Kwa nini nilidanganya? Nitasema, ingawa leo naona aibu. Baba alikuwa ameahidi kunifundisha mwisho. Nilijiambia kwamba mtu mwingine akinifundisha, ahadi ile itakufa, na ikifa, baba hatakuwa na jambo la kumrudisha haraka. Hata wazee huwaza mambo kama hayo wakiwa na hamu, ila wao hawayasemi.

Basi Jumamosi wenzangu walipokwenda kujifunza, mimi nilikaa dirishani na ubao wetu, nikitazama barabara.

Tatul, tuliyekaa naye dawati moja, hakuacha kunichokoza. "Wewe Zaru ni kama mjomba wangu," alisema. "Kila mwaka anaanza kujenga banda la ng'ombe. Kuta safi kabisa. Ng'ombe wananyeshewa hadi leo."

"Mwambie mjomba wako anyamaze kama wewe usivyoweza," nilimjibu.

"Baba yako anakufundisha kweli? Mbona mwisho wako haujakomaa?"

"Anafundisha kwa mpango wake."

"Huo mpango mrefu," alisema Tatul, akarudi kwenye daftari lake.

Siku ya mechi ilifika. Jiko la ukumbi wa shule liliwashwa tangu alfajiri, na wazazi wakajaa wakiwa na makoti yao. Mimi nilicheza na msichana wa kofia nyekundu ya sufu, mtulivu, aliyekuwa akinyonya peremende. Nilifungua kwa Kiitalia. Kufikia hatua ya kumi na tano nilikuwa nimemnyang'anya askari mmoja, na nikasikia watu wakinong'ona nyuma yangu. Laiti baba angeniona, niliwaza.

Wenzangu watatu walimaliza kabla yangu. Tatul alishinda, wawili wakafungwa. Mwalimu alituonyesha kwa vidole: nikishinda, tungelingana na kucheza tena mchana. Nikitoka sare, safari ya Gavar imekwisha.

Vipande vikaliwa kimoja kimoja mpaka tukabaki, mimi na mfalme na askari mmoja, yeye na mfalme peke yake. Askari akifika mstari wa mwisho anageuka malkia, na mchezo unakwisha. Nilimwona malkia huyo tayari. Nikamsukuma askari mbele. Nikamsukuma tena. Mfalme wangu alimfuata nyuma kama mchungaji anayefuata kondoo.

Mfalme wa yule msichana akaja akajipachika mbele ya askari wangu. Nikasukuma hadi mstari wa pili kutoka mwisho, kisha nikasogeza mfalme wangu amlinde askari asiliwe. Msichana alitazama ubao. Hakuwa na nafasi ya kukanyaga, wala mfalme wake hakuwa ametishwa, na hapo sheria husema hakuna mshindi. Akanyoosha mkono.

"Sare," alisema, peremende ikiwa shavuni. "Asante."

Tatul alivaa koti lake. Siku hiyo hakunitania, na hilo liliniuma kuliko matani yake yote.

Mwalimu Siranush alinivuta kando. "Zaruhi, mfalme na askari mmoja ndilo somo la kwanza kabisa la mwisho wa mchezo. Baba yako hakukuonyesha?"

Ningeweza kusema kweli. Mlango ulikuwa wazi. "Alinionyesha, mwalimu," nilisema. "Alinionyesha hivyohivyo nilivyocheza."

Mwalimu alikunja uso, si kwa hasira, bali kama mtu anayehesabu. "Basi nitakuja kwenu kesho tuzungumze naye."

Sikuonja chakula siku hiyo. Kudanganya juu yangu nilikuwa nimezoea. Sasa nilikuwa nimemtwika baba kosa langu, baba aliyekuwa mbali, juu ya jengo, kwenye baridi, asiyejua lolote.

Jumapili mwalimu alifika na mkate mtamu ndani ya kitambaa. Mama alikuwa zamu kwenye zahanati ya mjini. Bibi alipika kahawa, wakaanza kuzungumza habari za kabichi, na mimi nilikaa kwenye kigoda nikiomba mtandao usishike. Simu ikalia saa sita kamili. Mtandao siku hiyo ulikuwa safi kama maji ya kisima.

"Baba Zaruhi, habari za huko," alisema mwalimu.

"Salama, mwalimu! Leo kuna heshima gani? Zaru amevunja kioo?"

"Hajavunja kitu. Nimekuja kwa ajili ya masomo unayompa kwa simu. Lile la mfalme na askari mmoja, naomba tulirekebishe. Jana limetukosesha safari ya Gavar."

Nilimsikia mtu huko anapiga nyundo, mbali. Bibi alinitazama, kisha akatazama simu.

"Ah," alisema baba polepole. "Lile la askari. Ndiyo, mwalimu. Kosa ni langu. Nilimfundisha vibaya. Usimgombeze mtoto."

Hakuuliza. Hakujua hata lilikuwa kosa gani, akalibeba. Maneno yakanitoka pamoja na machozi.

"Siyo kweli! Baba hajanifundisha chochote. Mimi ndiye mwongo. Nilimdanganya mwalimu ili nisiende Jumamosi, na wewe baba nilikudanganya nashinda, sishindi, nafungwa kila siku nikifika mwisho."

"Sasa mama, kwa nini?" aliuliza baba.

"Ulisema utanifundisha ukirudi. Nikijifunza kwa mwingine, utarudi kwa ajili ya nini?"

Bibi alifunika kikombe chake kwa kiganja kama vile kahawa ingeweza kuruka.

"Zaru," alisema baba, na sauti yake ilikuwa nzito. "Sikiliza. Leo nilitaka kuwaambia jambo, na sikujua nianzie wapi. Kazi imerefushwa. Mwaka mpya sitakuwapo. Nitakuja mwisho wa Februari. Sichelewi kwa sababu ya sataranji, wala sitarudi kwa sababu ya sataranji. Nitarudi kwa sababu nyie mko hapo. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Basi nenda Jumamosi kwa mwalimu."

Mtandao ukakatika hapo, kama kawaida yake. Bibi alishusha pumzi. "Njia ya mwongo ni fupi," alisema. "Yako wewe ilikuwa fupi kuliko huo ubao."

Mwalimu Siranush alimaliza kahawa yake bila haraka. "Sitakuadhibu," alisema. "Ila wenzako watatu utawaambia mwenyewe. Jumamosi, saa tatu. Uje na daftari jipya."

Niliwaambia. Ilikuwa vigumu kuliko mechi. Wawili walinuna kwa wiki nzima. Tatul alijikuna shingo, akasema, "Kumbe. Mimi nilidhani baba yako ndiye hajui." Kisha akanisogezea kiti. "Kaa. Nikuonyeshe mashua mbili zinavyomfunga mfalme. Na ukiulizwa na watu, useme ni Tatul aliyekufundisha, usije ukasema ni baba."

Majira ya baridi yale yalikuwa marefu. Theluji ilifunika uzio, na Mwaka Mpya tulikula watatu, mama, bibi na mimi, sahani ya nne ikiwa safi mezani. Nililia jikoni, nikanawa uso, nikarudi. Lakini Jumamosi sikukosa hata moja. Mwalimu aliweka mfalme na askari mmoja upande wangu, mfalme upande wake, akaniambia nishinde. Nilishindwa mara ya kwanza, mara ya tano, mara ya ishirini.

"Unamsukuma askari kama mkokoteni," alisema. "Mfalme hamfuati askari wake, humtangulia. Amsafishie njia."

Kisha akanionyesha siri yenyewe. Wafalme wawili wakitazamana, nafasi moja tupu kati yao, mwenye zamu ndiye mnyonge, kwa sababu lazima apishe. Kazi yote ni kufika pale mwenzako akiwa na zamu. Ni jambo dogo ukilijua. Nililiandika, nikalicheza na bibi, aliyekuwa akichukua vipande vyangu bila sheria yoyote, nikalicheza peke yangu, mpaka siku moja mwalimu alishindwa kunizuia kwa askari yeyote aliyemweka. Alivua miwani, akaifuta. "Haya," alisema. "Tuendelee na mashua."

Baba alifika tarehe ishirini na sita Februari. Alikuwa amekonda, ndevu zimeingia mvi, na viganja vyake vilikwaruza shavu langu. Sikujali. Nilishika koti lake nikalinusa mpaka bibi akasema niache kumla mwanawe.

Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, alikwenda dirishani mwenyewe. Vipande ishirini na viwili vilikuwa vinamngoja.

"Zamu ya nani?" aliuliza.

"Yako. Tangu Machi."

Alicheka, akavuta kiti, akaanza kupiga mluzi. Tulicheza taratibu. Tukalana farasi, tukalana tembo, mashua zikatoka, malkia wakatoka. Ikabaki kama nilivyokuwa nimeota: mimi na mfalme na askari mmoja, yeye na mfalme wake. Baba alisukuma kiti nyuma, akaninyooshea mkono.

"Sare, Zaru. Chai inapoa."

"Acha ipoe," nilisema. "Keti, baba."

Aliketi. Nilimtoa mfalme wangu mbele ya askari. Yeye akasogea. Nikamtoa tena, mpaka wafalme wakatazamana, nafasi moja kati yao, na zamu ikawa yake. Baba alitazama kwa muda mrefu. Mluzi ulikwisha. Akapisha upande mmoja, mfalme wangu akaingia, askari akapita nyuma yake salama, hatua kwa hatua, hadi mstari wa mwisho.

"Rudisha," alisema baba. "Rudisha vilivyokuwa."

Nilirudisha. Alijaribu kupisha upande mwingine. Nikamfunga tena. Alijaribu mara tatu, kisha akaweka mikono yake mikubwa magotini.

"Unajua, Zaru, hili mimi silijui," alisema.

Nilidhani ananitania. "Uliahidi kunifundisha."

"Niliahidi nikitumaini kwamba huko kwenye kambi ya wajenzi nitampata mtu anionyeshe kwanza." Alitazama nje, barabarani. "Babu yako alinifundisha mwanzo, kila baridi alipokuwa nyumbani. Machi gari likapiga honi. Akasema mwisho atanifundisha akirudi. Mwaka ule hakurudi, jengo lilimwangukia. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Watu walitaka kunifundisha, nikakataa. Niliona kama nikijifunza kwa mwingine, nitakuwa nimekubali kwamba harudi."

Bibi alikuwa akifuma soksi karibu na jiko. Sindano zake zilisimama.

"Ndiyo sababu ya chai," nilisema.

"Ndiyo sababu ya chai. Nusu ya wanaume wa kijiji hiki wako kama mimi, mabingwa wa hatua kumi za kwanza." Akanigeukia, na macho yake yalikuwa mekundu. "Miaka ishirini na tisa nimekwepa jambo ambalo wewe umejifunza kwa Jumamosi chache. Kukumbuka mtu si kosa, mama. Mkumbuke kwa moyo wako wote. Ila usiache kazi yako nusu ati inamngoja. Hiyo haimleti, inakuchelewesha wewe tu. Imalize, halafu akirudi umwonyeshe. Na ukiogopa, sema unaogopa. Ukweli ungetufikia mapema wote wawili."

"Nimesikia, baba."

"Basi rudisha vipande. Nifundishe tangu mwanzo wa mwisho."

Nilimfundisha wiki tatu nzima. Alikuwa mwanafunzi mbishi. Alimsukuma askari kama mkokoteni, nami nikamgombeza kwa maneno yaleyale ya Mwalimu Siranush, na bibi akacheka hadi akakohoa.

Asubuhi ya kuondoka kwake tulicheza mchezo mmoja, mapema, taa ikiwa bado imewashwa. Gari lilipopiga honi baba hakuinuka. Alichungulia nje, akamwonyesha dereva kidole kimoja, akarudi kufikiria. Alimtanguliza mfalme wake, akampitisha askari, akanifunga. Alinifunga kwa haki, kwa hatua nilizomfundisha mimi. Ndipo akanywa chai yake yote, akavaa koti.

Nililia barabarani hadi gari lilipopotea kwenye kona ya ziwa. Niliporudi ndani niliweka vipande vyote sandukuni, mfalme wake akiwa wa mwisho kuingia, nikafunga kifuniko. Bibi alikuja na kitambaa chake, akakifuta kizingiti cha dirisha kutoka pembe hadi pembe, bila kuzunguka kitu.